Chupa ya Padri na Sinia la Bi Tausi

Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam sijanywa chai kwa amani. Walimu wenzangu wananiuliza, wanakwaya wananiuliza, na kila mmoja ameshasikia nusu ya habari kwa mtu mwingine: kwamba nilitekwa, kwamba nilibebeshwa kuni mbele ya wanawake, kwamba nililewa. Hilo la mwisho si kweli. Mengine ni kweli, na nimeona niyaandike mara moja, kituo kwa kituo, ili mpeane karatasi hizi na mie nipumzike. Habari za tikiti na vyeti nimeziruka. Hakuna aliyewahi kucheka kwa sababu ya cheti.

Sababu ya safari mnaijua, lakini yupo atakayesoma haya naye haijui. Nyuma ya kanisa letu, hapa karibu na Tabora, kuna shamba la mizabibu ambalo kaka yangu Bonifasi amelitunza tangu hajaoa. Zabibu zake Padri Yakobo huzifanya divai nyekundu. Si ile tamu ya altareni. Hii ni ya mezani, nzito, nyeusi karibu na wino, na ina ukakasi wa zambarau ambazo hazijaiva. Ukimeza unabaki unajilamba meno. Mkuu wa misheni alikuwa amekwisha kusema kwamba mizabibu inakula ardhi bure, na kwamba itang'olewa ipandwe tumbaku. Padri Yakobo akamwomba nafasi moja tu. Kuna Mgoa huko Dar es Salaam, Mhindi Mkatoliki, Bwana Kaitano, mwenye duka la vyakula na vinywaji. Akiionja divai yetu na kukubali kuichukua kila mwaka, mizabibu itabaki. Akiikataa, Bonifasi ataing'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Padri alikuwa na homa. Bonifasi haliamini garimoshi. Kwa hiyo nikabaki mimi. Bonifasi aliifunga divai katika chupa kubwa yenye tumbo, akaivika kapu la ukindu, akanipandisha nayo kwenye behewa, akasema neno moja: "Usiitikise."

Tabora hadi Kilosa: chupa yapata kiti

Behewa la daraja la tatu lilikuwa limejaa. Niliipakata chupa kama mtoto mchanga. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye rozari shingoni, na pembeni yake mzee wa Ujiji mwenye kofia ya darizi na tenga la migebuka mikavu.

"Mwalimu," alisema yule mama baada ya kuikagua chupa kwa muda, "hiyo ni nini?"

"Divai, mama."

Akafanya ishara ya msalaba. "Na umeikalisha mapajani?"

"Mama, si ya Misa. Ni ya kulia chakula tu."

"Usinifiche, mwanangu. Nimezaliwa misheni mie." Akageukia behewa zima. "Jamani, sogeeni! Kuna kitu cha Mungu hapa, kipewe nafasi!"

Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoniona mnyenyekevu. Mzee wa Ujiji aliinuka, akalivuta tenga lake la samaki mbali na chupa. "Mie hiyo sinywi," alisema, "lakini chombo cha ibada ya mtu nakiheshimu. Na samaki wangu wananuka." Basi chupa ikakaa dirishani, penye hewa, na mimi mwenyewe nikasimama hadi Manyoni. Kila mtu aliyepanda aliambiwa asiiguse. Askari aliyepita kukagua mizigo alifungua mdomo kuuliza, akamwona yule mama na rozari yake, akaufunga tena, akaenda zake. Hapo nikaacha kueleza.

Chakula cha njiani kilikuwa kizuri. Dodoma tulinunua karanga za kuchemsha, na mzee wa Ujiji akanimegea mgebuka kwa sababu, alisema, mtu anayebeba amana haifai ashinde na njaa. Tulipokaribia Kilosa mvua ikaanza, na garimoshi likasimama.

Reli ilikuwa imefunikwa na maji mbele yetu. Tuliambiwa tutaondoka baada ya kitambo kidogo. Kitambo hicho kiliendelea hadi tukajuana majina ya watoto. Wanawake wa pale walikuja na mahindi ya kuchoma na kuku waliokaushwa kwa chumvi, wakauza mpaka wakaishiwa, wakarudi na wengine. Jua lilipotoka, behewa likawa tanuru, nami nikalilowanisha gunia na kuifunika chupa. Yule mama alinisifu kwa ibada. Ukweli ni kwamba kizibo kilikuwa kimeanza kulia, tone moja moja, na nilikuwa naogopa.

Katika kungoja huko nikapoteza hesabu ya siku. Kumbukeni jambo hilo, kwa maana lilinigharimu.

Kinondoni: mafuta ya taa

Nilifika Dar es Salaam asubuhi, nikapanda basi hadi Kinondoni, ambako dada yangu Agnesi na mumewe Luka walikuwa wamepanga chumba. Mlango ulikuwa na pazia nisilolijua. Mbele yake mama mmoja wa Kingoni alikuwa akikaanga vitumbua.

"Agnesi?" alisema. "Wamehama, kaka. Mumewe kapata kazi bandarini, wapo Temeke siku hizi. Hebu kwanza, nipimie chupa moja ya hayo mafuta."

"Mafuta gani, mama?"

"Hayo ya taa. Tangu juzi napikia kuni, moshi unanitoa machozi."

"Si mafuta ya taa."

Akainama, akanusa kizibo kilichokuwa kikivuja. "Aa, siki! Nipimie basi, nina kachumbari."

Nilimwambia ni divai, imetoka Tabora kwa garimoshi, ni ya kuonjwa na tajiri. Akanusa tena, kwa makini zaidi, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Kaka yangu," alisema polepole, "huyo tajiri anajua unakuja?"

Alinipa vitumbua vitatu na chai ya tangawizi, akakataa malipo, akanielekeza nyumba yao ya Temeke na njia ya kupitia Magomeni na Ilala. Nilimshukuru, lakini lile neno siki lilitembea nami. Kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kuliko Padri alivyoahidi, niliamua nisiende Temeke kwanza. Nitakwenda moja kwa moja Chang'ombe kwa Bwana Kaitano, niionjeshe, nijue moja.

Chang'ombe: siku ya samaki

Bwana Kaitano ni mtu mnene, mwenye suti nyeupe na kicheko kinachoanzia tumboni. Mkewe, Mama Filomena, ni mwembamba na macho yake hayapitwi na kitu. Walinipokea vizuri kupita kiasi. Walikuwa ndio wanakaa mezani kula cha mchana, wakanivuta kiti.

"Bila chakula divai haionjwi," alisema Bwana Kaitano. "Divai ni mke, chakula ni mume. Ukimwona mmoja peke yake hujui ndoa yao ikoje."

Nikaifungua chupa. Ikamiminwa kwenye jagi, rangi yake ikaijaza meza, na Bwana Kaitano akasema "Ohoo!" kwa furaha. Kisha mpishi akaleta bakuli: nguru wa ukwaju na nazi, mwekundu kwa pilipili.

Alikula kipande cha samaki, akavuta divai, akaitembeza mdomoni kutoka shavu hadi shavu. Nilimwangalia usoni kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu akisahihisha. Kicheko kilitoka usoni pake kidogo kidogo. Akameza kwa shida.

"Mwalimu," alisema, "umewahi kulamba msumari wenye kutu?"

Akanisogezea glasi na bakuli.

"Onja mwenyewe."

Nikaonja baada ya samaki. Ilikuwa kweli. Divai ile niliyoijua, iliyonukia zambarau na ngozi mpya, ilikuwa imegeuka chuma. Pilipili ikaiwasha, ukwaju ukaikasirisha, na ukakasi wake ukanishika ulimi kama mkono. Juu ya hayo ilikuwa ya moto, na imetibuka kwa safari. Mashapo yake yalielea kwenye glasi.

Ndipo Mama Filomena aliposema, "Kaitano, usimwonee mgeni. Leo Ijumaa. Nani amemwambia alete divai nzito kama hii siku ya samaki?"

Ijumaa! Siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama! Nilihisi masikio yakipata moto. Alfajiri ile ile, stesheni ya Morogoro, nilikuwa nimekula paja la kuku bila wasiwasi wowote.

"Kazi yako ni nini huko misheni?" aliuliza Bwana Kaitano.

"Nafundisha hesabu na uimbaji," nilisema. "Na katekisimu."

Alicheka hadi akashika meza. Mama Filomena alijificha nyuma ya kitambaa. Hata mpishi, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akatazama ukutani, mabega yakimtikisika.

Alipokwisha kucheka alifuta macho akawa mfanyabiashara tena. "Sikiliza. Divai hii ina nguvu, sikatai. Lakini mteja akinunua chupa, swali lake la kwanza ni 'Nile na nini?' Nisipokuwa na jibu, chupa itakaa rafuni mpaka nizeeke. Sasa hivi jibu ninalo moja tu: si samaki. Jumatatu lazima nimjibu mtu anayeniletea divai ya Ureno, na rafu yangu ni moja. Jumapili mchana njoo na divai yako na chakula unachokiamini. Nitaionja mara moja. Basi."

Mama Filomena aliimimina ile iliyobaki kwenye jagi katika chupa ndogo, akanipa. "Ya kujifunzia," alisema, kisha akaniuliza nitalala wapi, nikamtajia nyumba ya dada yangu Temeke.

Temeke: mateka

Nilitembea hadi Temeke, chupa kubwa begani, chupa ndogo mfukoni, nikimwaza Bonifasi. Kizibo sikukikaza tena. Nilikuwa nimeziba kwa kitambaa tu. Nilikuwa nimebakiza nyumba moja kufika kwa Agnesi nilipopita mbele ya baraza iliyojaa wanawake wakichambua mchele.

"Wewe!" iliita sauti. "Mwenye mzigo! Kwenu wapi?"

Ningesema nimetoka Ilala, yasingenikuta. Lakini mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa kwao anataja kwao. "Tabora, mama. Mnyamwezi."

Baraza ililipuka kwa vigelegele.

"Mpagazi amefika!" alipiga kelele mama mmoja mnene, kanga mbili kifuani, akisimama. "Babu yake alibeba pembe, yeye anabeba tumbo la kioo! Tua mzigo, mtani!"

Hapo nikajua nimekwisha. Kwa wale mtakaosoma haya mkiwa mbali na pwani: Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, tangu misafara ya zamani. Mtani akikushikia mali yako, hukasiriki, huendi polisi, hunyang'anyi. Unaikomboa kwa namna atakayotaja yeye. Mwenye hasira ndiye anayeaibika. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kunitua chupa kwa ustadi kabisa.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikitafuta huruma.

"Marahaba. Mie naitwa Bi Tausi. Mjukuu wangu ni mwali, Jumapili tunamtoa ndani. Hiki kitu ni nini?"

"Divai."

"Astaghfirullahi!" Akarudi nyuma hatua moja. Kisha uso ukamchanua. "Basi ni mateka mazuri kuliko yote! Hapa kwetu hakuna atakayeionja, kwa hiyo haitapungua. Itafichwa. Kuna lori la kuni linamwaga mzigo wake pale barabarani kesho. Kuni zote zifike uani kwangu, na ubebe ukiimba. Ukimaliza, utapewa chako."

"Mtani," nilisema, "kwa hiyo Wazaramo mmechoka hata kubeba kuni za sherehe yenu?"

"Mzaramo hachoki. Mzaramo anapumzika mapema."

"Ndiyo maana mkiona jembe mnauliza ngoma ni lini."

"Na nyie mkipewa kiti mnakibeba kichwani!"

Wakacheka, nami nikacheka, lakini kwa dada yangu niliingia mikono mitupu. Agnesi alinikumbatia, akanisikiliza, akasema kwamba Bi Tausi ni jirani mwema sana. Nikamwambia sikuuliza hilo.

Temeke: majaribio ya uani

Jumamosi nilibeba kuni. Mjue kwamba kuni za mkoko ni nzito kuliko dhambi. Niliimba nyimbo za wapagazi nilizofundishwa na babu, na nilipoishiwa nikaimba za kanisani kwa mwendo wa kipagazi. Wanawake walizipenda zaidi hizo. Katikati ya safari nilichungulia kila mahali: nyuma ya jiko la Bi Tausi, chini ya vitanda vilivyoanikwa nje, ndani ya banda la kuku. Chupa hakuna.

"Mtani anatafuta mayai?" aliuliza Bi Tausi.

Mchana nilikaa uani kwa Agnesi na ile chupa ndogo ya Mama Filomena, na shemeji yangu Luka akanisaidia kwa moyo mkunjufu kabisa. Nilitaka jibu la swali la Bwana Kaitano, nikalitafuta kwa utaratibu: chakula kidogo, divai kidogo kama kijiko, kisha maji.

Agnesi alileta mhogo wa nazi. Divai ikapotea ndani ya nazi, ikabaki ukakasi mtupu.

"Kama nimekunywa sabuni," alisema Luka.

Pweza wa kukaanga: msumari ule ule, ila mpya.

Kachori zenye pilipili: Luka aliruka akakimbilia mtungi. "Shemeji, hii ni kumwaga petroli motoni!"

"Kwa hiyo pilipili haifai," nilisema. "Na samaki hafai. Na chochote kichungu au kichachu."

"Nasi hatufai," alisema Agnesi, "tukiendelea hivi."

Alitoka akarudi na mishikaki miwili ya ng'ombe kutoka kwa mchomaji wa barabarani, baada ya kumwomba asipake pilipili. Ilikuwa na vipande vya mafuta vilivyoungua pembeni. Nilitafuna, nikavuta divai.

Nikavuta tena. Mafuta yalikuwa yameushika ule ukakasi na kuulaza chini. Divai haikuuma tena. Ilisafisha mdomo, ukatamani nyama, ukala nyama, ukaitamani divai. Nikampa Luka. Akatafuna, akanywa, akafumba macho.

"Mzabibu using'olewe," alisema Luka.

Lakini chupa ndogo ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na nusu ya jibu. Mishikaki peke yake si chakula cha kumpelekea tajiri mezani, na divai yenyewe sikujua iko wapi.

Jumapili: sinia

Baada ya Misa nilirudi kwenye kuni. Nilidhani nitamaliza mapema, lakini lori la pili lilikuwa limefika, na Bi Tausi alisema kuni za sherehe hazihesabiwi kwa lori. Jua likapanda. Saa ya Chang'ombe ikafika, ikapita. Ngoma zilikuwa zimeanza, mwali alikuwa ndani akipambwa, majungu ya pilau yalikuwa yanafuka, na mimi nilikuwa katikati ya uwanja na mzigo kichwani nikiimba, mawazo yangu yote kwenye rafu ile ya Mgoa. Nilimwona Bonifasi na jembe mkononi.

Motokaa ikasimama. Akashuka Bwana Kaitano, suti nyeupe, na Mama Filomena nyuma yake.

"Mwalimu!" aliita. "Nakungoja nyumbani na njaa yangu, kumbe umepata ajira!"

"Huyu ni mateka wetu," alisema Bi Tausi, akijifuta mikono. "Na wewe u nani wake?"

"Mie ndiye ninayenunua divai."

"Mgoa hana utani na sie," aliamua Bi Tausi baada ya kufikiri. "Kwa hiyo ni mgeni, na mgeni wa sherehe hula. Lakini sikiliza, bwana: hicho kitu chenu hakifunguliwi uani kwangu."

"Sawa kabisa, mama," alisema Mama Filomena haraka, kabla mumewe hajapata nafasi ya kuharibu.

"Kaeni upande ule, kwa Agnesi. Chakula nitaleta. Na wewe mtani, tua. Umekombolewa."

"Chupa iko wapi?"

Wanawake wote wakaanza kucheka, kabla hajajibu.

"Mwalimu mzima," alisema Bi Tausi. "Mie Mwislamu. Unadhani nitalala na pombe chini ya paa langu, na mwali ndani? Niliivusha ua siku ile ile, wewe ukiwa bado unanitania."

Nilimgeukia Agnesi. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa anatazama kuku.

"Utani ni utani, kaka," alisema. "Ningesema, ningeharibu."

Ilikuwa imezikwa hadi shingoni katika mchanga mbichi nyuma ya mitungi ya maji, hatua chache kutoka kwenye mkeka niliolalia. Nilikuwa nimeipita kila nilipokwenda kunywa maji. Nilipoitoa ilikuwa baridi kama kisima. Tangu Ijumaa haikuguswa wala kutikisika. Mashapo yote yalikuwa yamelala chini, na kwa kuwa ilizibwa kwa kitambaa tu, ilikuwa imepumua.

Niliimimina polepole. Ilishuka safi, nyekundu ya kweli, na harufu ya zambarau ikatutangulia. Bwana Kaitano aliionja tupu kwanza. "Hii si ile ya Ijumaa," alisema. Akaonja tena. "Ni ile ile. Lakini imelala usingizi, imeamka na adabu. Bado kali."

Ndipo vilemba vya wanawake wawili vilipotokea kwenye ua wa makuti, na juu yake sinia. Pilau ya nyama ya ng'ombe, wali wa rangi ya udongo, mbavu zilizopikwa hadi zikaachana na mfupa, mafuta yaking'aa, pilipili manga, karafuu, mdalasini. Pilipili kali iliwekwa kando, katika kibakuli chake, kwa anayetaka. Nilikisogeza kibakuli hicho mbali na mkono wa Bwana Kaitano.

Akala. Akanywa. Hakuitembeza mdomoni safari hii, aliiacha ipite. Akashika ubavu mwingine. Akanywa tena. Nilikuwa nimesimama. Nilitambua kwamba Luka na Agnesi nao wamesimama.

"Filomena," alisema hatimaye, "onja."

Mama Filomena alionja, akainuka, akaisogeza chupa upande wake wa mkeka. Mumewe alimtazama, kisha akanitazama.

"Mwambie Padri asiguse hata mzizi mmoja. Nitachukua yote anayoitengeneza. Na wateja wangu nitawaambia: nyama yenye mafuta na viungo vya joto, pilipili ikae mbali." Akatafuna kidogo. "Lakini huyu mama kapikaje? Kuna kitu hapa nisichokijua. Mwiteni."

Bi Tausi alikuja hadi kwenye ua, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Siri ya jungu langu hapewi mgeni. Anapewa mtani."

"Basi nifanye mtani," alisema Bwana Kaitano, akiwa bado na mfupa mkononi.

"Kuni ziko pale."

Nilimwona mimi, kwa macho yangu, na kama hamniamini mwulizeni Luka akija likizo. Alivua koti, akampa mkewe, akajitwisha mzigo wa mikoko, akavuka uwanja wote wa sherehe kwa hatua za bata, ngoma zikimfuata, shati likigeuka rangi ya magome. Bi Tausi alimnong'oneza siri yake sikioni. Hajaniambia mpaka leo.

Kurudi: shambani kwa Bonifasi

Safari ya kurudi haikuwa na lolote, na hiyo ndiyo safari nzuri. Reli ilikuwa kavu, mahindi yalikuwa ya moto, na nilikaa dirishani.

Nilifika misheni mchana, nikaenda shambani kabla ya kwenda kwa Padri. Bonifasi alikuwa amechuchumaa mwisho wa shamba, pale palipokuwa na majani tu. Alikuwa anashindilia udongo kwa viganja. Nyuma yake kulikuwa na mstari mzima wa vipandikizi vya mizabibu, vipya, kila kimoja na kijiti chake.

Nikamweleza yote. Hakuinuka. Aliposikia kwamba Mgoa atachukua yote, mikono yake ilisimama kidogo juu ya udongo, kisha ikaendelea.

"Kaka," nilimwambia, "hivi vyote umevipanda nilipokuwa sipo? Na ningerudi na habari mbaya?"

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema Bonifasi. "Huwezi kuiambia mvua ingoje Mgoa."

Akachukua kipandikizi kingine, akanipa nikishike wima, akaanza kufukia.